Ushuhuda wa Mama Tappenbeck

Mama Gesine Tappenbeck hakuwa na mume, hakuwa na meno ya juu, hakuwa na Kiingereza, na tangu wanawe wahamie Nebraska hakuwa na mtu wa kumwambia anyamaze. Alikuwa na nafasi yake upande wa wanawake katika kanisa letu la Wamethodisti wa Kijerumani. Yeye na marehemu mumewe ndio waliolichimbia msingi, huku Wajerumani wenzetu wanywa bia wakiwarushia matope kwa kuwa Wamethodisti hatunywi.

Mwaka 1918, Marekani ikipigana na Ujerumani, serikali ya jimbo letu la Iowa ilipiga marufuku Kijerumani hadharani, hata ibadani. Mchungaji Lüders akatutangazia kwamba kwenye karamu ya upendo, asiyejua Kiingereza ale mkate, anywe maji, akae kimya.

Kwetu karamu hiyo bila ushuhuda ni mkate mkavu tu. Kila mtu husimama akaeleza Mungu amemtendea nini.

Siku ilipofika, Konstebo Haskell alikaa nyuma, kofia magotini. Nilishuhudia kwa Kiingereza nilichosomea shule ya jioni, tena kizuri. Nilipoketi, Mama Tappenbeck akasimama.

"Mama, keti," mchungaji akamnong'oneza.

"Nimeketi wiki nzima, mwanangu."

Akashuhudia kwa Kijerumani, bila haraka, kama anayemenya viazi. Alimshukuru Mungu kwa nguruwe wake waliopona, na akamkumbusha goti lake ambalo bado. Watu wakacheka. Desturi yetu ni kwamba anayemaliza huimbiwa ubeti. Hakuna aliyethubutu kuanza, sote tukimtazama konstebo. Aliyeanza kuimba ni mchungaji mwenyewe, kwa Kijerumani, uso umempauka. Tukamfuata.

Jumanne kamati ya ulinzi ya wilaya ikatoa uamuzi: Mama aandike barua ya kuomba radhi, la sivyo kanisa lifungwe. Nilikwenda kwake na karatasi, nikamkuta mchungaji jikoni.

"Nitakuandikia Kiingereza cha kuwalainisha," nikasema.

"Diedrich, masomo yote yale, kumbe ulikuwa unasomea kulamba viatu?"

Ilinichoma.

"Na wakilifunga, Mama?" mchungaji akauliza.

"Tulianzia jikoni kwa dada Ohlendorf, watu sita na paka. Majiko bado yapo."

Alisema, nikaandika kwa Kijerumani: kwamba haombi radhi, kwamba Mungu humsikia kwa lugha hiyo tangu utotoni na hajawahi kulalamika, kwamba wakitaka kufunga mlango waje na kufuli lao, maana letu hatuwapi.

"Hawataweza kuisoma," nikamwambia.

"Watafute Mjerumani. Si wanasema tumejaa kila mahali?"

Akatia sahihi. Mchungaji akaichukua kalamu bila kuombwa, akaandika jina lake chini ya la Mama, na mimi chini ya lake. Mama akaidondoshea bahasha nta ya mshumaa, akaikandamiza kwa kidole gumba, nikaipeleka posta mwenyewe.