Vifungo vya Shangazi

"Daktari, nisubiri!"

Nilikimbia ukumbi mzima viatu mkononi, na wagonjwa kwenye mabenchi wakageuza shingo kunitazama. Daktari wa viungo alikuwa ameshavua koti jeupe. Likizo yake ilianza mchana ule, na swali langu lisingeweza kumngoja arudi.

Kazi yangu pale hospitalini ilikuwa kusoma maelezo ya madaktari na kuyapa misimbo, zile herufi na tarakimu ambazo watu wa bima huzitazama kabla ya kukubali dawa. Asubuhi ile walikuwa wamekataa dawa ya shangazi yangu. Daktari alikuwa ameandika "maumivu ya viungo", basi. Kwa msimbo wa maumivu, bima hutoa vidonge vya kutuliza maumivu.

Mimi nilijua zaidi. Shangazi alikuwa fundi cherehani, na kila asubuhi alinijia chumbani gauni likiwa wazi kifuani, akatazama ukuta huku nikimfunga vifungo. Vidole vyake vilikuwa vimevimba, na vya moto. Nyumbani waliniita Redio kwa jinsi nisivyonyamaza, lakini hata mimi jambo hilo sikuwahi kuligusa.

"Sasa unataka niandike nini?" daktari aliuliza, kalamu tayari.

Jina la ugonjwa lilinijaa mdomoni. Nililimeza. Msimbo hufuata alichokiona daktari, na sisi wa misimbo haturuhusiwi kumlisha maneno.

"Viungo vipi, upande gani, na chanzo ni nini?" nilisema. "Zaidi ya hapo siwezi kukuuliza."

"Mwenyewe aliniambia anaumwaumwa tu."

"Yuko hapo nje."

Alicheka, akavaa koti tena. Nusura nimkumbatie!

Shangazi aliingia mikono ikiwa kwapani.

"Mama, asubuhi vidole vinakuwaje?" daktari alimuuliza.

"Aa, kawaida tu, mwanangu. Uzee huo." Akanitupia jicho. "Redio, leo umezimwa?"

Niliuma midomo. Akiendelea kuficha, nilijua, cherehani ile itafunikwa kitambaa na haitafunuliwa tena.

Daktari alibonyeza vifundo vya mkono wa kulia, kisha vya kushoto. Shangazi akavuta pumzi kwa nguvu. Halafu akaninyooshea kidevu.

"Huyu ndiye ananifunga vifungo," alisema polepole. "Mimi, niliyewashonea mabibi harusi wa mtaa mzima."

Daktari alifungua faili lake. Akayasoma upya majibu ya damu aliyopimwa awali, akaandika: baridi yabisi, viungo vya vidole, mikono yote miwili. Msimbo nilimwachia mwenzangu auweke, maana mgonjwa alikuwa damu yangu. Bima walipokubali, nilirukaruka ofisini hadi nikaangusha pipa la takataka, na sikuona haya hata kidogo.

Dawa haikufanya haraka. Kwa muda mrefu niliendelea kumfunga vifungo, naye aliendelea kutazama ukuta.

Mpaka asubuhi moja niliposikia cherehani ikilia. Nilitoka mbio na mswaki mdomoni. Shangazi alikuwa ameinamia kitambaa, gauni limefungwa mpaka shingoni. Kifungo kimoja kilikuwa kimeingia kwenye tundu lisilo lake, na kola imekwenda upande.

"Mbona unanikodolea macho?" aliuliza.

"Umependeza, shangazi," nikasema, nikarudi kumalizia meno yangu.