Modemu Iliyojifanya Diski

Mtaani walimwita Daktari, ingawa hakuwahi kumpima mtu hata homa. Wagonjwa wake walikuwa redio, televisheni na pasi za umeme, na hospitali yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe, chenye meza ndefu iliyojaa alama za kuungua. Mtu akileta redio iliyonyamaza, yeye huitikisa karibu na sikio, akafumba macho kidogo, kisha akasema, "Iache hapa, itasema." Mara nyingi ilisema kweli. Isiposema, alimwambia mwenye redio kwamba vipuri vyake havitengenezwi tena duniani, na mtu yule akaondoka akimshukuru.

Mkewe alikuwa mkunga wa kituo cha afya, mwanamke wa maneno machache, aliyezoea kungoja mambo yaje kwa wakati wake. Tamaa yake kubwa ilikuwa kufundisha. Na sasa chuo cha ukunga cha mji mwingine kilikuwa kimemwita kwenye usaili, nao ungefanyika kwa video, kila mtu akiwa kwake. Kompyuta alikuwa nayo, ya mkononi, ila ilikuwa imechoka. Ukiiwasha asubuhi unaweza kuosha vyombo, ukavipanga, ukarudi, ukaikuta bado inajinyoosha.

"Niachie mimi," Daktari alimwambia. "Hiyo imeliwa na virusi tu."

Mteja mmoja alikuwa amempa diski ya Linux na kumsifia kwamba ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, wa bure, mwepesi, na virusi hawauwezi. Daktari hakuwa ameutumia hata siku moja. Lakini alitumbukiza diski ile, akawa anajibu "ndiyo" kila alipoulizwa, hata pale alipoulizwa kama ana hakika anataka kufuta vyote vilivyokuwamo. Kompyuta ilipowaka upya ikiwa nyepesi kama unyoya, alimwita mkewe aje kuona. Mkunga alitabasamu. "Kweli imepona," akasema, akaenda zake kazini. Modemu, kile kijiti kidogo cha kuchomeka ubavuni ambacho ndicho kilichowaletea intaneti, Daktari hakukijaribu. Hata hakukikumbuka.

Alikikumbuka siku ya usaili yenyewe, mchana, mkewe akiwa bado zamuni. Alikichomeka. Zamani, ukikichomeka tu, dirisha la kampuni ya simu lilifunguka lenyewe, unabonyeza palipoandikwa "unganisha", basi. Safari hii kilitokea kijipicha cha diski pembeni mwa kioo, kikatulia. Alipokibofya aliona mafaili yaleyale ya kampuni, akashusha pumzi. Akabofya programu yenyewe. Badala ya dirisha lile la zamani, likafunguka jingine lililojaa majina yasiyosomeka. Akachomoa, akachomeka upande wa pili. Akazima, akawasha. Akakipuliza, kama apulizavyo redio yenye vumbi. Kitaa cha modemu kikabaki chekundu, kinamkonyeza.

Mkunga aliingia, akaoga, akavaa gauni lake la kola nyeupe, akaketi mbele ya kompyuta akipangusa miwani.

"Tayari, mume wangu?"

Daktari alikuwa amefungua mdomo kusema ukweli. Mwenyewe aliapa hivyo baadaye, na huenda ni kweli. Lakini kilichotoka kilikuwa kingine.

"Mtandao hakuna. Mnara umeharibika. Mtaa mzima."

Mkewe alimtazama, akatazama saa. Hakuwa na sababu ya kutomwamini. Alichukua simu yake ndogo ya vibonye, akapiga chuoni, na kwa ile sauti yake ya kutuliza wazazi akawaeleza kwamba mnara wa mtaani kwao umeharibika, kwamba anasikitika sana, kwamba anaomba wamfikirie. Daktari alisimama nyuma ya kiti akisikia uongo wake ukisemwa na mdomo safi. Masikio yalimwaka moto. Wakamkubalia: kesho asubuhi, lakini iwe mara ya mwisho.

"Watu wastaarabu," mkunga akasema, na kuanza kukunja mikono ya gauni ili apike.

Hazikupita dakika nyingi, jirani yao mshonaji akabisha hodi. Alikuwa mwanamke mcheshi, na sauti yake ilitangulia kabla yake.

"Dada, umemaliza? Nilikuwa nakuombea dua huku naongea na kaka yangu. Leo video imetulia, nimeona mpaka mvi zake."

Mkunga aliacha kukunja mkono wa gauni. "Umeongea naye kwa video? Saa ngapi?"

"Sasa hivi. Tangu adhuhuri. Kwani?"

Mshonaji akamtazama mmoja, akamtazama wa pili, akahisi ameingia mahali pasipo na mlango.

"Labda umerudi," Daktari akasema. "Minara ndivyo ilivyo. Inakwenda, inarudi."

"Basi unganisha tuone," mkewe akasema.

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana hakukuwa na pa kukimbilia. Daktari akainama, akachomeka modemu mbele ya wanawake wawili. Kijipicha cha diski kikatokea. Kitaa chekundu. Alibofya hiki na kile, jasho likimtiririka mgongoni. Kama mteja angeingia wakati ule na televisheni iliyokufa, Daktari angempokea kama mkombozi. Hakuingia mtu.

"Shemeji, pengine ungejaribu…" mshonaji alianza, kisha akaona afadhali anyamaze.

"Si mnara," Daktari akasema hatimaye, akiongea na meza. "Ni mimi. Nilifuta mfumo wa zamani, na huu mpya sijui unavyoiwasha modemu. Nilidhani nitaipata kabla hujarudi."

Mkunga alivua miwani. "Kwa hiyo nimewadanganya watu walioketi kunisubiri."

"Hukujua."

"Wao wanajua nilichosema. Hawajui nisichojua." Kisha akasema lile lililomchoma mumewe kuliko yote. "Ungesema tu, ningekwenda kwa jirani. Mlango wa pili tu hapo. Ningefanya usaili wangu nikamaliza."

Mshonaji akasema kwa upole kwamba jioni ile anasafiri na kompyuta yake, la sivyo angeiacha. Akaaga. Mtu aliyekuja kwa kelele aliondoka kwa ncha za vidole.

Daktari aliifunga kompyuta ya mkewe ndani ya mfuko, akaiweka kwapani, akatoka. Kafe ya intaneti ilikuwa kona ya pili, chumba chembamba chenye kompyuta zisizo na kamera na feni iliyolalamika kila ilipogeuka. Mwenye kafe, mama mnene mwenye kicheko, alifurahi kumwona.

"Daktari! Umekuja kunitazamia feni?"

"Leo mimi ndiye nimeleta mgonjwa, mama. Naomba waya wa mtandao."

"Wa mteja gani huyo?"

Ilikuwa rahisi sana kusema "wa mteja." Ulimi wake ulikwisha kuliinua neno lile. Akalimeza. "Wa mke wangu. Nimemharibia mimi."

Mama yule alicheka kidogo, akidhani ni utani, alipouona uso wake akaacha. Akachomoa waya kwenye kompyuta moja, akampa.

Daktari akauchomeka, akatafuta jukwaa la watumiaji wa Linux wanaoandika Kiswahili, akaliona. Pale pa jina akaandika Daktari, akalifuta, akaandika Mwanagenzi. Kuandika swali kulimtoa jasho kuliko kufufua redio iliyokufa. Mwanzo aliandika kana kwamba anauliza kwa niaba ya rafiki. Akafuta. Kisha akaandika kama lilivyo: mimi ni mgeni, sielewi, nimeweka Linux bila kujaribu modemu, ikichomekwa inaonekana diski, kesho asubuhi mke wangu ana usaili.

Wa kwanza kumjibu alimwambia asome kabla ya kusumbua watu. Daktari aliyasoma maneno yale huku uso umemshuka, kwa sababu ndivyo yeye mwenyewe alivyowajibu wateja waliojaribu kufungua redio zao nyumbani. Wa pili, aliyejiita Kobe, aliandika hivi:

"Usiogope, modemu yako haijafa. Ina sura mbili. Ikichomekwa inajifanya diski, ili ikupe programu yake. Programu ile ni ya mfumo wa zamani, Linux haiielewi, kwa hiyo modemu inabaki na sura ya diski. Weka kiprogramu kiitwacho usb-modeswitch. Hicho kinaiambia iache kujifanya, iwe modemu. Ukishakiweka, chomoa, chomeka, hesabu mpaka ishirini. Halafu bofya alama ya mtandao pale juu, chagua muunganisho mpya wa simu, taja nchi na kampuni yako. Ukikwama rudi."

Daktari akafuata neno kwa neno, akinong'ona kama mtoto anayesoma kwa kidole. Alipochomeka modemu, kijipicha cha diski kilitokea, kikakaa kidogo, kikatoweka. Kitaa kikageuka buluu. Akabofya alama ya mtandao, akataja kampuni, akauchomoa waya wa mama ili kuhakikisha. Ukurasa ukafunguka. Hakushangilia. Aliandika "Asante, Kobe. Imekubali," akaketi kidogo mikono mapajani, akiwaza kwamba shida yote ile ilikuwa na dawa nyepesi namna hii, na iliyohitajika ilikuwa kuuliza tu.

Asubuhi mkunga alivaa gauni lake lilelile. Daktari aliunganisha, akahakikisha, akahamia chumba cha mbele, pazia tu likiwatenga. Alisikia sauti za wageni zikisalimu. Kisha sauti ya mkewe.

"Kabla hatujaanza, naomba nirekebishe jambo. Jana niliwaambia mnara wetu umeharibika. Haikuwa kweli. Kompyuta yangu ndiyo iliyokuwa na tatizo, na mimi sikuwa nimeijaribu mapema. Naomba radhi."

"Mimi sikuwa nimeijaribu," mkewe alikuwa amesema. Mimi. Daktari alikuwa ameshika bisibisi, akaiweka chini polepole isije ikalia. Kama angetajwa, angevumilia. Kulaumiwa angalau ni kushiriki. Lakini mkewe alikuwa ameuchukua mzigo ule, akaubeba peke yake mbele ya watu anaotaka wamheshimu, na yeye yupo hatua chache nyuma ya kitambaa, mwanamume mzima, hawezi kutoka kusema ni wangu.

Chuo kilimpigia wiki ile ile na kumpa kazi. Majirani walikuja kumpongeza, na mshonaji, aliyekwisha kurudi safari, akasema kwa nia njema, "Na shemeji naye tumpongeze, si ndiye aliyeiwasha modemu?" Mkunga akaendelea kumimina chai. Daktari alikitazama kikombe chake mpaka mazungumzo yalipogeukia mengine.

Wageni walipokwisha kuondoka, mkunga aliitoa kompyuta, akaiweka juu ya ile meza yenye alama za kuungua, katikati ya redio.

"Nitakuwa naondoka nayo," akasema. "Nionyeshe. Tangu kuchomeka mpaka mwisho. Na usiniruke kitu."

Akamwonyesha. Alimweleza habari ya zile sura mbili, akamweleza pia kwamba si yeye aliyeigundua, ni mtu asiyemjua aitwaye Kobe. Mkewe aliuliza maswali mengi bila haya yoyote, mengine mara mbili, na kila aliposema "hapo sijaelewa" Daktari alianza upya. Kisha mkunga akachomoa modemu, akaizima kompyuta kabisa, akavuta kiti.

"Sasa usiguse," akasema. "Nataka nirudie mwenyewe."

Daktari akaondoa mikono mezani.