Mpangaji wa Chumba cha Uani

Mkuu wa maktaba alitoa agizo asubuhi, amesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi: vitabu visivyoazimwa siku nyingi vitolewe kwenye rafu, vifungwe kamba, vipelekwe kiwandani vikasagwe. Vitabu vipya vya shule vilikuwa vimerundikwa sakafuni kwa kukosa nafasi.

Kazi ilimwangukia mkutubi ambaye wenzake walimwita Miwani, kwa sababu kila siku aliitafuta miwani yake huku ameipandisha kichwani. Alifunga mafungu kadhaa bila kinyongo. Kisha akashika riwaya nyembamba ya jalada la kijani lililopauka, *Mpangaji wa Chumba cha Uani*. Alifungua ukurasa wa kwanza aone kama mchwa wameula. Alikuja kushtuka wenzake wanarudi kutoka kula.

Kilikuwa kisa cha mjane aliyempangisha fundi redio chumba cha uani. Hakuna aliyeuawa humo, hakuna aliyerogwa. Waligombania maji, waligombania kelele, wakazoeana polepole. Mwishoni fundi akaposa, mjane akakataa.

"Mkuu, hiki tukiache," alisema Miwani.

"Nani amekiazima?"

"Hakuna. Nakiazima mimi leo."

"Msomaji mmoja hatoshi," alisema mkuu. "Kitafutie wengine, la sivyo kitaenda na wenzake."

Haikuwa rahisi. Mumewe alikisoma kidogo akalala nacho usoni. Jirani alikirudisha akilalamikia maandishi madogo. Ndipo Miwani akakipeleka saluni kwa wifi yake.

"Wifi, watu wako wanakaa hapa kutwa wakisukwa. Wanafanya nini?"

"Wanasengenya."

"Basi wape hawa wa humu kitabuni wawasengenye, angalau hawatakuja kukugombeza."

Wifi alicheka, akakiweka kando ya kioo. Mikono yake ilikuwa imejaa nywele za watu, kwa hiyo aliyesubiri zamu ndiye aliyewasomea wengine. Haukupita muda mrefu wakaanza kuja wanawake ambao nywele zao zilishasukwa, wakijifanya wamepita kusalimia. Walitaka kujua kama fundi amekwisha kupewa ufunguo wa mlango mkubwa.

Siku walipofika mwisho, saluni iligawanyika.

"Mjane huyu hana akili," alisema muuza viatu wa duka la pili, ndiye aliyekuwa akisoma. "Mwanamume halewi, hapigi, kazi anayo. Alitaka nini tena? Nadhani mwandishi alichoka tu, akafunga hesabu."

"Hakuchoka," alisema bibi aliyekuwa kitini. Alikuwa mkunga mstaafu, mteja wa wifi wa miaka mingi, na nywele zake zilikuwa zimesukwa upande mmoja tu. "Na mjane alimpenda. Hakutaka tena kuomba ruhusa ndani ya nyumba yake mwenyewe, basi."

"Bibi umejuaje?"

"Nimekiandika mimi."

Walicheka wote. Wifi alisimamisha kitana. "Mama Mkunga, usinichekeshe, nitakuchoma sikio."

"Geuzeni nyuma ya jalada."

Muuza viatu akageuza. Palikuwa na picha ndogo ya msichana mwenye kofia ya uuguzi, anatabasamu. Aliitazama picha, akamtazama bibi, akairudia picha.

"Mwanya ni ule ule," alisema kwa sauti ya chini.

Kicheko kikaisha. Wifi akamtuma mtu mbio maktabani, na Miwani akaja bado na beji kifuani. Alimuuliza bibi kwa nini hakuandika tena.

"Niliambiwa hakina matukio," alisema bibi. "Nikarudi wodini. Huko matukio hayakuwa na mwisho."

Hata nakala hakuwa nayo. Ya mwisho ilipotea alipohama nyumba. Miwani akamwekea kitabu mapajani, akamwambia achukue, yeye atajua la kumwambia mkuu. Bibi alilipapasa jalada. Halafu akamrudishia muuza viatu.

"Nikichukua, mtasoma nini? Wewe nisomee pale mwanzo. Mpaka leo sikuwahi kumsikia mtu akikisoma, na nimekuta mwisho tu."

Muuza viatu akasafisha koo, akaanza. Safari hii alisoma taratibu, kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. Bibi alifumba macho. Wifi akaendelea kusuka, na kila mara bibi alipocheka kwa maneno yake mwenyewe, alilazimika kuanza msuko upya.

Mkuu alipoletewa habari hizo alikubali kitabu kibaki, na wiki ileile watu wakaanza kukipangia foleni. Yeye mwenyewe aliomba zamu, akadai ni ya mkewe.

Siku ile saluni, nywele zilipokamilika, muuza viatu alimbebea bibi mkoba wake wakatoka pamoja. Walipofika kona ya barabara walikuwa bado wanabishana. Muuza viatu anamtetea fundi, na bibi anamwambia kwamba, kusema kweli, fundi alikuwa anakoroma.