Paa la Mkwe

Kijiko kiligonga kikombe, kikanyamaza, kikagonga tena. Nilikuwa bado kitandani, nje giza, jogoo hajawika. Katika nyumba yetu ya Rudewa tulikuwa wawili tu, mimi na mume wangu Ndaki, na kwa miaka arobaini na miwili niliyoishi na mwanaume huyu hajawahi kuchemsha hata maji. Nikatoka kuangalia. Nilimkuta ameshavaa koti na kofia, anakoroga sukari kwa nguvu kama anasonga ugali.

“Kunywa upesi, Mama Paulina,” alisema. “Tuondoke kabla watu hawajaamka kutushauri.”

Chai ilikuwa tamu mno na majani yalikuwa yanaelea. Niliimaliza yote.

Ushauri tulikuwa tumeshapewa wa kutosha. Ndaki aliuza madume manne ya ng'ombe akanunua Hiace kuukuu iliyokuwa ikisambaza mikate. Zamani alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la mkonge, kwa hiyo injini haimtishi. Aling'oa rafu za mikate, akapigilia kitanda cha mbao, sanduku la vyombo chini yake, na mahali pa kufunga mtungi mdogo wa gesi usitembee. Ukifungua mlango asubuhi bado unasikia harufu ya mkate. Majirani walisema tumezeeka vibaya. Watu wenye nyumba yao, yenye milango na madirisha, wanataka kulala ndani ya gari?

Nilikuwa najua ninakokwenda.

Binti yetu Paulina ameolewa Mikumi na fundi wa kuchomelea vyuma, kijana wa Kinyakyusa anayeitwa Lupakisyo. Sasa, katika ukoo wa Ndaki mama mkwe halali chini ya paa la mume wa binti yake. Anakuja mchana, anasalimia kwa mbali, anapewa chakula chake peke yake, na jua likianza kushuka anabeba mkoba wake. Nilikuta mambo hayo nilipoolewa, nikayashika bila kuuliza. Wakati wa masika mwaka jana Paulina alikuwa na mimba ya miezi minane. Nilikwenda kumwona. Saa kumi jioni nikabeba mkoba, nikavuka barabara kuu, nikalala gesti hatua mia mbili kutoka kwake. Alfajiri mlango wa gesti ukagongwa. Nilipofika, mtoto alikuwa ameshazaliwa, na hakuwa hai. Paulina alikuwa peke yake na mumewe usiku kucha, anauliza, “Mama yuko wapi?” Nami nilikuwa hatua mia mbili.

Mwaka huu akabeba mimba nyingine. Ilipofika mwezi wa nane alinipigia simu. Alisema, “Mama, mchana naweza. Usiku siwezi.”

Ndaki alikuwa amekaa karibu yangu, akasikia. Wiki iliyofuata ndipo alipouza madume. Yeye si mtu wa maneno. Aliniambia tu, “Ukilala kwenye nyumba yangu, hujalala kwa mkwe. Basi nyumba yangu itakwenda huko.”

Siku ya kwanza tulifika Kilosa mjini tukalala mtaa wa Magomeni, kwa dada yangu Monica. Anaishi karibu na vibanda vya sokoni, na ana cherehani barazani. Alipoona gari linaingia na sufuria zinagongana ndani, alishika kiuno.

“Marciana! Mmefukuzwa?”

“Tumehama,” nilimjibu. “Nyumba yenyewe ndiyo hii.”

“Na choo kiko wapi?”

“Kwako.”

Alicheka mpaka akakaa chini. Majirani wakaja kuchungulia, mmoja baada ya mwingine, wakabonyeza godoro kwa vidole kama wananunua embe. Monica hakupenda. Jioni ile ile alikata kitenge chake kipya, akashona mapazia manne, akayapitisha kwenye waya madirishani. “Wewe ni mke wa mtu,” alisema. “Usilale kama samaki kwenye kioo.” Kitenge kile alikuwa amekiweka kwa ajili ya Krismasi. Najua kwa sababu aliniambia mwenyewe mwezi mmoja nyuma.

Siku ya pili ilikuwa ya Zombo, na hiyo ndiyo niliyoiogopa. Huko anaishi Masunga, kaka mkubwa wa Ndaki, ambaye neno lake kwenye vikao vya ukoo halirudiwi mara mbili. Analima na ana ng'ombe wachache. Barabara ilitutikisa, tukapishana na baiskeli zenye mizigo ya mkaa, na saa nane mchana tukasimama uwanjani kwake.

“Shikamoo, shemeji,” nilisema.

“Marahaba.” Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia gari. “Ndaki, ng'ombe wetu wanne wamegeuka hiki?”

“Ng'ombe wangu, kaka,” Ndaki alijibu. “Shikamoo.”

“Marahaba. Mmekuwa konokono, mnatembea na nyumba mgongoni.”

Alilizunguka gari polepole. Aligonga bati la juu kwa fimbo. Akainama kuchungulia chini, sijui alitafuta nini. Kisha akatuita tukae, na akanisemesha mimi, si Ndaki.

“Nimesikia safari yenu. Mnakwenda kulala kwa mkwe.”

“Tunakwenda kulala kwenye gari, shemeji.”

“Paa la gari ni la nani?”

“La Ndaki.”

Mkewe alileta maziwa, yakakaa, hakuna aliyegusa. “Haya,” Masunga alisema mwishowe. “Paa la Ndaki ni nyumba ya Ndaki. Sitakataa hilo. Lakini gari lisimame juani. Lisiingie chini ya bati la mkwe, hata kibarazani, hata nusu. Likiingia, umelala kwake, na umelivunjia heshima jina letu. Mimi nitasema kwenye kikao, na hapa kwangu msikanyage tena.”

“Nimesikia,” nilisema. Sikusema nimekubali.

Lakini nisiwe mchoyo wa kusema mema ya mtu. Asubuhi tulipoamka nilikuta mawe mawili makubwa nyuma ya matairi, kwa sababu uwanja wake una mteremko na breki ya mkono ya gari letu ni ya kubahatisha. Hakuna aliyetuambia nani ameyaweka. Na kwenye kiti cha mbele kulikuwa na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, umefungwa kwa kamba ya katani. Masunga alikuwa amesimama zizini ametugeuzia mgongo. “Ya Paulina hiyo,” alisema. “Alipokuwa mdogo alikuwa anaiiba.”

Tuliingia Mikumi kabla ya saa sita. Malori yalikuwa yamepanga mstari kando ya barabara kuu, na karakana ya Lupakisyo ipo nyuma kidogo ya hapo, na nyumba yao nyuma ya karakana. Kiwanja ni chembamba. Nilikuwa nimeshakipima kichwani mara nyingi: gari litaenea ubavuni mwa nyumba, juani, kama Masunga alivyotaka.

Tukakata kona. Ndaki akakanyaga breki.

Pale ubavuni palikuwa na banda jipya. Nguzo nne za chuma zimepakwa rangi ya bluu, mabati yanang'aa, chini pamemwagwa kokoto. Mabati yale yalikuwa yameungwa moja kwa moja na paa la nyumba, hayana hata upenyo wa kidole. Lupakisyo alikuwa amesimama pembeni na brashi mkononi, rangi ya bluu imemrukia mpaka kwenye nyusi. Akatuita kwa mkono kama wale wanaoelekeza malori. Njoo, njoo, njoo.

Ndaki hakusogeza gari. Injini ikawa inanguruma tu.

Paulina alitoka mlangoni, tumbo mbele, mkono kiunoni. Alituangalia, akaangalia banda, akafahamu. Yeye ni mtoto wa ukoo ule. Mumewe siye. Kwao Mbeya wana heshima zao na wakwe, lakini hawahesabu mabati. Alikuwa anajua silali ndani ya nyumba yake, basi akaona gari ndiyo nyumba yangu, na banda ni kivuli tu. Paulina alikuwa kliniki na kitandani wiki hizo, hakuwaza kumwambia.

“Lupa,” alimwita kwa sauti ndogo. Akamweleza sikioni.

Nilimwona kijana yule anavyoshuka mabega. Aliweka brashi chini. Hakunisemesha, kwa sababu tangu amuoe binti yangu, miaka sita, hajawahi kunisemesha uso kwa uso. Alimwambia Ndaki, macho chini:

“Baba, nisameheni. Jua la hapa ni kali, nikasema mama ataungua ndani ya bati. Nipeni nusu saa. Nitalikata.”

Akaingia karakana, akatoka na mashine ya kukatia chuma, anaburuta waya. Ndaki alianza kurudisha gari nyuma.

Nikamwangalia Paulina. Alikuwa amekaza midomo. Ilikuwa midomo ile ile ya mwaka jana, saa kumi jioni, niliponyanyua mkoba wangu naye akaniambia, “Nenda salama, mama,” huku anaogopa.

“Simamisha,” nilimwambia Ndaki.

“Anakata tu bati, Mama Paulina. Nusu saa.”

“Nimesema simamisha.”

Nikashuka. Magoti yangu hayapendi kushuka haraka lakini nilishuka. Nikaenda mpaka kwa mkwe wangu, karibu kuliko nilivyowahi kumkaribia, naye akarudi hatua moja.

“Usiliguse,” nilisema.

“Baba, lakini...” alisema, akimwangalia Ndaki.

“Umejenga siku ngapi?”

Jibu akampa Ndaki. “Jioni kumi na nane, baba. Baada ya kazi.”

“Basi halikatwi.” Nikageuka kwa mume wangu, ambaye alikuwa ametoa kichwa dirishani. “Baba Paulina, ingiza gari.”

“Masunga ni kaka yangu,” alisema Ndaki.

“Na Paulina ni mwanao. Mwaka jana nililishika neno la ukoo, na ukoo haukuwepo pale alfajiri. Nilikuwepo mimi, nimechelewa. Kama kuna aibu, iandikwe kwa jina langu. Mimi nikimfanya mtu akate kivuli alichonijengea, nitamwambia nini Mungu? Kwamba bati lilikuwa limeungwa?”

Lori lilipita barabarani, likapiga honi, likaenda. Ndaki alivua kofia akaiweka juu ya dashibodi, kama anavyofanya akiingia kanisani. Kisha akaingiza gari chini ya banda, taratibu, mpaka kokoto zikanyamaza.

Lilienea sawasawa. Lupakisyo alikuwa amelipima kwa kuuliza tu kwenye simu.

Jioni hiyo Paulina alikuja na mto wake na khanga mbili, akapanda garini bila kubisha hodi. “Sogea, mama.” Nikasogea. Kitanda kile cha watu wawili hakitoshi watu wawili na tumbo, kwa hiyo Ndaki alihamia viti vya mbele, akalala amekunja miguu na kulalamika kuhusu usukani. Paulina alikula michembe ya baba yake mkubwa gizani, kru kru kru kama panya.

“Usiku sio mbaya,” alisema.

“Lala,” nilimwambia.

Tulilala hivyo usiku kumi na moja. Usiku wa kumi na mbili, kabla hapajapambazuka, alinishika mkono. Hakuna mlango uliogongwa. Alisema tu, “Mama, yameanza,” nami nilikuwa pale pale. Ndaki aliwasha gari akiwa bado amejifunika shuka, Lupakisyo akaruka ndani bila viatu, tukaenda kituo cha afya kwa nyumba yetu yenyewe, mapazia ya Monica yanapepea. Saa mbili asubuhi akazaliwa mtoto wa kike. Alilia kwa hasira. Sijawahi kusikia kitu kizuri kama hasira ile.

Mchana Masunga akapiga simu. Habari hutembea.

“Nimesikia mtoto ni mzima,” alisema.

“Mzima, shemeji. Shikamoo.”

“Marahaba. Gari lilisimama wapi?”

Ningeweza kudanganya. Ndaki alikuwa ananifanyia ishara nidanganye. “Chini ya bati la mkwe,” nilisema. “Kila usiku. Na leo nitalala hapo tena.”

“Mpe Ndaki simu.”

“Anafua nepi, shemeji. Mikono ina sabuni.”

“Basi kwangu msipite.”

“Tutapita. Barabara ya nyumbani ni hiyo hiyo. Tutasimama, nitakuamkia, nitakuonyesha picha ya mtoto. Usipotufungulia tutalala nje ya uzio wako. Nyumba tunayo.”

Alikata simu. Hajapiga tena mpaka leo ninapofunga mizigo, na sijui tutakuta nini Zombo. Nimemwekea pakiti ya majani ya chai. Mawe ya nyuma ya matairi sijayasahau.

Paulina amembeba mtoto barazani, anabishana kuhusu jina na baba yake aliyeko kwenye usukani. Ndaki ameshawasha injini. Nilikuwa nafunga mtungi wa gesi nilipoona kivuli mlangoni mwa gari. Lupakisyo. Amenyoosha mikono yote miwili kwenye fremu ya mlango, anaangalia viatu vyangu, kisha pole pole akanyanyua uso akaniangalia mimi.

“Mama,” alisema, akaanza upya. “Mama, hapa mbele nitaongeza mabati mawili, mvua isikunyeshee ukishuka. Nitamaliza kabla ya vuli. Utakuja? Njooni tena, mama.”