Nilivyosutwa na Watu wa Riwaya Yangu

Niliota, usiku wa jana, wamekuja kunisuta nyumbani kwangu Makorora. Hawakuwa majirani, hao nimewazoea. Walikuwa watu wa riwaya yangu mwenyewe, wote kasoro mmoja, wamevaa kanga za sare, matarumbeta yametangulia.

Nawakaribisha, mgeni ni mgeni. Nawatandikia mkeka uani, hawakai. Anayewaongoza ni Bi Mwantumu wa sura ya pili, ambaye nilimwandika mpole. Simu yangu anayo mkononi, sijui kaitoa wapi.

"Mwandishi, unaulizwa mbele za watu," anasema. "Ulisema au hukusema kwamba riwaya imekamilika, watu wawahi nakala zao?"

"Nilisema."

Matarumbeta yanalia. Wanawake wanapiga vigelegele.

"Ulisema au hukusema kwamba Saumu kaolewa upya, yuko raha mustarehe, na msomaji atalia kwa furaha?"

"Nilisema. Lakini Bi Mwantumu, mimi najichapishia mwenyewe. Nisipojisifu, nani atanisifu?"

"Kujisifu hatujakukataza. Sura ya mwisho umeiandika au hukuiandika?"

Tarumbeta moja linanijibia, tena kwa dharau. Kweli, matangazo nayaandika kila siku. Asubuhi kwenye stetasi, mchana kwenye kundi la ukoo, jioni kwenye lile kundi la msiba wa shemeji yangu ambalo mpaka leo halijavunjwa. Sura ya mwisho sijaigusa tangu Ramadhani.

Natafuta wa kunitetea. Namwona yule dada wa kwenye jalada, ananing'inia kwenye msumari ukutani, anatabasamu. Namwambia, sema basi na wewe.

"Mimi sihusiki," anasema, na tabasamu halimtoki. "Mimi ni wa picha tu. Kitabu chenyewe sijakisoma."

Nanuna. Halafu nawahesabu wageni kwa macho, namkosa mhusika mkuu mwenyewe.

"Mbona Saumu hayupo?"

Wanatazamana. "Kwani wewe ulimwacha wapi?" anauliza Bi Mwantumu.

Mkeka unageuka matope. Mvua inanyesha, mvua yangu mwenyewe, niliiandika kubwa ili msomaji aone huruma. Saumu, aliyefukuzwa na mumewe katika sura ya tisa, amesimama mbele ya mlango wa kaka yake, mtoto mchanga kifuani. Sentensi yangu ya mwisho ilikuwa: *Saumu akagonga.* Tangu hapo anagonga. Vidole vimemchubuka.

"Shikamoo," ananiamkia. Hana hata hasira, na hilo linaniumiza zaidi. Ningependa anitukane.

"Marahaba, mwanangu."

"Nasikia nimeolewa. Mume mwenyewe yuko wapi?"

"Hiyo ilikuwa ya kwenye matangazo."

"Haya. Na kaka, atafungua?"

"Bado sijajua."

Anagonga tena. Mlango unakohoa kidogo, kisha unasema, "Mnanisumbua bure. Mimi sijaandikiwa kufunguka."

"Basi nishikie mtoto," Saumu ananiambia. "Mkono umekufa ganzi."

Nampokea. Mtoto anachemka homa. Homa sikuiandika mimi, imekuja yenyewe na mvua. Naogopa. Nikiendelea kuchelewa, huyu mtoto hafiki popote.

"Anaitwa nani?" nauliza, nipate kumbembeleza.

Saumu ananitazama. "Unaniuliza mimi?"

Naona haya kubwa kuliko zile za matarumbeta. Bei ya kitabu nimeshaipanga, mgeni rasmi wa uzinduzi nimeshamwalika, na mtoto hana jina. Namlaza begani, nampapasa mgongo, nasema "wewe, wewe," maana sina cha kumwita. Anajikunyata shingoni kwangu, anacheua.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshapanda, ua mkavu, simu inaita. Naishi peke yangu, hata paka sina. Bega la kulia la gauni langu lilikuwa limelowa, linanuka maziwa.

Sikubadilisha gauni. Simu niliifungia kabatini ikiwa bado inaita, nikakaa mezani na bega langu bichi, nikaandika: *Kaka yake akafungua mlango, na kabla ya kuuliza neno akampokea mtoto, Hidaya.*