Bibi Majivu

Picha yenyewe ilipigwa mchana kweupe, kituoni Kwa Mathias, Kibaha, kupitia dirisha la basi. Swaumu alikuwa ameinamia kikaango akigeuza chapati, moshi umemzingira, akainua uso kumwona aliyemwita. Aliyemwita alikuwa ameshika simu. Basi likaondoka.

Ilipomrudia, picha ile haikuwa na chapati wala jua. Mtu alikuwa ameitia giza, akayafuta macho, na lile shavu la kushoto, lililoungua jiko la mafuta ya taa lilipolipuka miaka mingi nyuma, akalivuta hadi shingoni. Chini yake paliandikwa: huyu ni Bibi Majivu, usipowatumia wenzako, atakuja kukugongea mlango. Watu wakatumiana. Wengine wakamtungia wimbo, wengine wakajipaka masizi na kujirekodi wakicheka. Wateja wakahamia ng'ambo ya barabara. Siku aliporushiwa jiwe likampata kisogoni, Swaumu alifunga virago, akaenda kwa dada yake Anifa huko Marui, Kisarawe, ambako kupata mtandao mpaka upande kichuguu.

Huko alipumua. Yasmin, binti wa Anifa, alikuwa ameuzoea uso ule tangu anatambaa. Aliulalia, akaushikashika, wala hakuwahi kuuliza.

Alasiri moja walikaa uani juu ya vigoda, wakimenya mihogo.

"Mama mdogo, usiende kisimani peke yako," Yasmin alisema. "Kuna Bibi Majivu."

Kisu kilisita mkononi mwa Swaumu. "Nani amekwambia?"

"Shuleni wote wanamjua. Anatokea Kibaha. Kina kaka wamesema akifika hapa watamchoma, maana dawa yake ni moto." Akatoa kiberiti mfukoni mwa sketi. "Mimi nitakulinda."

Swaumu angeweza kunyamaza. Alitamani kunyamaza, kwani hayo ndiyo macho yaliyobaki ambayo yakimtazama humwona yeye. Lakini kiberiti kilikuwa kipya, kimejaa, na hao kina kaka aliwajua kwa majina; walimwamkia kila asubuhi wakienda shamba. Hadithi ilikwisha kutangulia. Picha ingeifuata.

"Yukoje huyo bibi?"

"Shavu lake limeyeyuka kama mshumaa. Upande mmoja."

"Upande upi?"

Macho ya Yasmin yalipanda polepole kutoka kwenye mihogo, yakatua shavuni, yakakaa hapo. Swaumu aliujua mtazamo ule. Alikuwa ameukimbia kutoka Kibaha.

"Alishaungua," akasema kwa upole. "Zamani sana. Moto haukumponya kitu."

"Sasa mbona hakufa?"

Swali lenyewe halikuwa na ubaya. Mtoto alitaka kujua tu. Swaumu alichukua muhogo mwingine, akauchana ganda toka juu hadi chini. Akasikia kigoda kikiburuzwa vumbini. Hakuinua macho kuona kilikuwa kinasogea upande gani.