Uso Unaocheka Uliokaa Kulia

Wasambazaji wote wa chakula walitangaziwa kwamba, kuanzia Jumatatu, nyuso za kubonyeza simuni ili kupima kuridhika kwao na kazi zingekuwa tano badala ya tatu, na kwamba uso wa kulia kabisa, ule unaocheka, sasa ungekuwa na meno.

Breki, aliyepewa jina hilo kwa sababu pikipiki yake haikuwa nazo za kuaminika, alilisoma tangazo akiwa ameegemea ukuta wa nyuma wa mkahawa, akisubiri kuku wa mteja. Kampuni ililipa kwa umbali. Kusubiri hakuna umbali, kwa hiyo hakukulipwa. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya shemeji yake, aliyetaka hesabu yake, fedha za kukodi, kila Ijumaa, na aliyekwisha kuonya kwamba Ijumaa hii akikosa, angechukua ufunguo.

"Shemeji gani huyo asiye na huruma?" aliuliza mwenzake Babu, kijana aliyezeeshwa na vumbi.

"Huruma anayo. Anakunyang'anya huku anakuuliza habari za nyumbani."

Alhamisi, siku ya nne ya nyuso mpya, wasambazaji walikwenda ofisini kudai muda wa kusubiri ulipwe. Msimamizi, mtu mwenye adabu na kiyoyozi, aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akawageuzia kompyuta yake.

"Ndugu zangu, karibu nyote mmebonyeza uso unaocheka. Hata wewe, Breki."

"Bosi, zile nyuso zinatokea simu ikilia, kabla ya oda. Na huo unaocheka umekaa palepale penye kitufe cha kupokea. Ukizubaa, mwenzako kaibeba. Kidole kinakwenda chenyewe."

"Kidole ni cha nani?"

"Changu."

"Basi."

Kabla hajajibiwa zaidi, simu zote zililia kwa pamoja. Vidole vyote vilikwenda. Kwenye kompyuta, mstari wa kuridhika ukapanda.

"Mnaona?" alisema msimamizi, kwa furaha isiyo na hila. "Umepanda hata tukiwa kikaoni."

"Breki, umecheka tena!" alinong'ona Babu.

"Na wewe je?"

"Mimi nimecheka, na oda nimeikosa."

Oda aliipata Breki. Alisubiri mlangoni pa mkahawa mpaka mteja akaghairi, na safari isiyofika haina umbali pia. Ijumaa shemeji alikuja, akauliza habari za nyumbani, akaambiwa ni njema, akaondoka na ufunguo.

Jumatatu iliyofuata simu ya Breki ilipokea uamuzi wa uongozi. Ili kuusoma, ilimbidi kwanza abonyeze uso, na kidole, kwa mazoea, kilikwenda kulia. Uongozi, baada ya kuyatafakari kwa kina malalamiko ya wasambazaji, ulikuwa umeamua kwamba uso unaocheka ubaki mahali pake, uondolewe meno, na suala la kulipia kusubiri lisubiri utafiti ujao.